Betri ya Lithiamu Si Jiwe la Redio

 

Leo tuzungumze juu ya kitu ambacho karibu kila nyumba inacho, na ambacho tunalala nacho bila kukiuliza maswali. Ni betri ya kuchaji. Sisemi ile kubwa ya gari yenye maji ya asidi. Ninasema betri ya lithiamu, iliyomo ndani ya simu, ndani ya tochi, ndani ya taa ya sola, ndani ya paweabanki, na ndani ya redio ndogo ambayo huenda ndiyo inayowaletea sauti hii. Kuitumia tunajua sana. Kuihifadhi hakuna aliyetufundisha. Wengine tuliinunua sokoni, wengine tulipewa na mashirika, wengine tuliachiwa na ndugu aliyekwenda Goma. Karatasi ya maelezo ilikuwa ya Kichina au ya Kiingereza. Tukaitupa, tukabaki na chombo.

Kwa maoni yangu, hatari yetu ina chanzo kimoja: tumechukua mazoea ya mawe ya redio, yaani betri kavu za zamani, tukayahamishia kwenye betri ya lithiamu.

Wazee wanayakumbuka mawe yale. Yakichoka, tuliyaanika juani juu ya bati. Wengine waliyasogeza kando ya moto, wengine waliyagonga kwenye ukuta, wengine waliyauma kwa meno. Na kweli yaliamka kidogo, redio ikasema habari za jioni mpaka mwisho. Hapakuwa na uchawi. Jiwe la zinki na kaboni likipata joto, kazi ya ndani inaongezeka kwa muda. Na lilipokufa kabisa, lilitoa maji machafu, likaharibu redio, mambo yakaishia hapo. Mtoto alilichukua akafanya gurudumu la gari lake la miti. Hatukusikia nyumba iliyoungua kwa sababu ya jiwe lililosahauliwa ndani ya kikapu.

Kisha ikaja betri ya lithiamu. Kampuni ya Sony ya Japani ndiyo iliyoanza kuiuza mwaka 1991, na mwaka 2019 wanasayansi watatu walioichongea njia, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia. Walistahili. Bila kazi yao, mkulima wa hapa kwetu Kashuga, Masisi, asingekuwa na simu ya kuulizia bei ya maharagwe Goma, wala mama asingemzalisha mwenzake usiku kwa mwanga wa taa isiyo na moshi. Nguvu nyingi imeingizwa ndani ya umbo dogo. Hiyo ndiyo faida yake, na hiyo hiyo ndiyo hatari yake.

Na msidhani kwamba ni kitu cha watu wa mbali. Karibu sehemu saba katika kumi za kobalti yote inayochimbwa duniani, ambayo nyingi huingia katika betri hizi, zinatoka nchini mwetu Kongo, upande wa Lualaba na Haut-Katanga. Koltani ya Rubaya, hapa hapa Masisi, inaingia ndani ya simu hizo. Bati, kama lile la Bisie kule Walikale, ndilo linalounganisha vipande vya simu hizo. Sisi tunaotoa mali hii ardhini tuna haki ya kujua namna ya kuilaza nyumbani bila kuungua.

Tuitazame kwa ndani. Kuna utepe mwembamba wa shaba na utepe mwembamba wa aluminiamu, kila mmoja umepakwa dawa yake. Katikati yao kuna plastiki nyembamba sana, na vyote vimeviringishwa pamoja na kulowekwa kwenye majimaji yanayowaka upesi. Ile plastiki ndiyo amani ya betri. Ikitobolewa, ikibanwa, au ikianza kuyeyuka kwa joto la kama nyuzi 130, pande mbili zinakutana, na joto linazaa joto jingine. Betri inatoa moshi, inapiga mluzi, kisha inawaka. Nyingi zinatoa hata oksijeni yao zenyewe, kwa hiyo ukiifunika kwa blanketi, moto hauzimiki. Unaupa moto blanketi.

Sasa tuingie nyumbani. Kashuga hatuna waya wa umeme unaoingia majumbani. Tuna plaki za jua, yaani paneli za sola, na vibanda vya kuchajia simu. Wenyeji wengi wana nyumba za miti na udongo. Ndugu zetu waliohamishwa na vita wako kambini, ndani ya vibanda vya miti, majani na shitingi. Humo ndimo wanamolala watu sita au saba, humo ndimo mlimo na mafiga au mbabula, humo ndimo zinamotundikwa nguo na kulazwa mbegu za msimu ujao. Majani yamekauka kwa moshi. Na simu iko wapi? Iko chini ya mto, karibu na sikio la mtoto. Paweabanki iko ndani ya mfuko wa vikwembe. Tochi iliyokufa iko kwenye dari, juu kabisa ya moto, eti ipate joto.

Huko darini ndiko nataka tuanzie. Mama, baba, ishushe tochi hiyo. Betri ya lithiamu haiamshwi kwa joto. Joto linaizeesha, na likizidi linaiwasha. Kashuga kuna baridi ya milima, na baridi hiyo ni rafiki wa betri inayopumzika. Ipe kona ya udongo, kavu, mbali na moto na mbali na jua linaloingia dirishani. Chungu cha udongo kilichovunjika mdomo kinafaa kabisa: weka mchanga mkavu chini, laza betri au paweabanki juu yake, funika kwa kigae bila kubana. Usitumie kopo la maziwa lenye kifuniko cha kukaza, kwa sababu moshi ukikosa njia, kopo litapasuka. Kama huna chungu, tofali tupu sakafuni linatosha. La muhimu ni kwamba pembeni yake pasiwe na godoro, nyasi, karatasi wala mafuta ya taa.

Kuna atakayeniambia: ndugu mtangazaji, nikiiweka mbali, mwizi ataichukua. Nakubali, na sikuambii uiweke nje. Iwe ndani, lakini isiwe chini ya kichwa, na isiwe mlangoni. Kibanda kina mlango mmoja. Kitu kinachoweza kuwaka kikikaa mlangoni, watu walio ndani watatokea wapi? Mji wa New York una magari mengi ya zimamoto, na hata hivyo mwaka 2023 watu 18 walikufa kwa mioto ya betri za lithiamu, nyingi zikiwa za baiskeli za umeme zinazochajiwa ndani ya nyumba. Jambo ambalo wazimamoto wa kule wanalirudia ni hilo hilo: usichaji kwenye njia ya kutokea, wala usichaji umelala. Ndege nazo zina sheria ya kufanana: betri ya akiba hairuhusiwi kwenye mizigo ya tumboni, abiria anakaa nayo, ili ikianza kutoa moshi, mtu aione. Betri inayochajiwa iwe mbele ya macho ya mtu aliye macho.

Jambo la pili ni betri iliyo peke yake, nje ya chombo. Chukueni ile ya tochi, ya mviringo, unene wa milimita 18 na urefu wa milimita 65, ambayo mafundi wanaitoa hata kwenye betri za kompyuta zilizokufa. Itazameni kichwani. Katikati kuna kitufe, hiyo ni chanya. Kukizunguka kuna ukingo wa chuma, na ukingo huo ni hasi, kwa sababu mwili mzima wa betri, toka kisogoni hadi shingoni, ni hasi. Kinachozitenganisha pale juu ni kipete cha karatasi na ngozi ya plastiki nyembamba kuliko ganda la kitunguu. Ngozi hiyo ikichanika, sarafu moja, ufunguo mmoja, au msumari ulio mfukoni unatosha kuunganisha chanya na hasi. Mfuko wa suruali unapata moto ukiwa umeuvaa. Kwa hiyo betri ya namna hiyo isitembee na vyuma. Ifunge vichwa vyote viwili kwa plasta au kwa kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, kila moja peke yake. Yenye ngozi iliyochanika usiirudishe kwenye tochi.

Jambo la tatu ni plaki ya jua. Plaki inayoitwa ya volti 12, jua likipiga kabla hujaifunga kitu, hutoa volti 20 na zaidi. Betri moja ya lithiamu inataka kukoma kwenye volti 4.2, simu nyingine mpya kidogo zaidi, na zile za fosfeti ya chuma zilizomo katika baadhi ya taa za sola zinakoma kwenye 3.65. Hizi za mwisho ni tulivu kuliko nyingine, lakini nazo zina mpaka. Sasa kijana anachukua nyaya mbili kutoka kwenye plaki, anazigusisha moja kwa moja kwenye betri aliyoitoa ndani ya simu, bila regileta, yaani kidhibiti cha umeme, katikati. Anailazimisha betri kumeza kisichoenea tumboni. Jambo hilo halipaswi kufanywa hata mara moja, hata kama fundi jirani amefanya mara kumi na hakuna kilichotokea. Regileta na chaja yake ndivyo vinavyosema basi inapofika basi. Na unapochaji juani, ianike plaki, siyo simu. Tunaona simu imelazwa juu ya bati kando ya plaki, jua la saa sita linaichoma huku inachajiwa. Vuta waya hadi kivulini. Betri ikizidi nyuzi 45 haifai kuchajiwa. Huna kipimo? Ukiigusa na mkono ukataka kukimbia, chomoa.

Kuna pia swali la kiasi cha chaji. Wengi mnauliza: nikiiweka akiba, niiweke imejaa au imeisha? Hapa tena mawe yametudanganya, maana jiwe liliwekwa jipya na zima. Betri ya lithiamu ikikaa imejaa kwa miezi inazeeka upesi, hasa penye joto. Ikikaa imeisha kabisa, inashuka hadi shaba ya ndani inaanza kuyeyuka, na siku utakapoichaji tena unaweza kuifanya iungane yenyewe kwa ndani. Kwa hiyo iwekwe nusu. Kila baada ya miezi miwili au mitatu, itoe, iangalie, iongezee kidogo, irudishe. Na iliyokaa mwaka mzima imekufa kabisa, usiilazimishe kufufuka kwa chaja ya fundi.

Jambo la nne ndilo linalonisumbua kuliko yote: betri iliyovimba. Dalili zake mtu yeyote anaziona. Mgongo wa simu unanyanyuka. Kioo kinaachana na ukingo wake. Ukiilaza mezani na kuisukuma kwa kidole, inazunguka, kwa kuwa tumbo limetoka. Kilicho ndani ni gesi, na ni ushahidi kwamba mambo yameharibika. Tunafanya nini? Tunaifunga kwa raba, tunaendelea. Wengine wanaitoboa kwa sindano ili itoe hewa. Nawaomba kwa moyo wangu wote, msiitoboe na msiibonyeze. Sindano ile inapita kwenye plastiki niliyowaambia. Zima simu, chomoa betri kama inatoka kwa urahisi, iweke kwenye mchanga mkavu nje ya nyumba, chini ya kipaa kisichonyeshewa, mahali watoto hawafiki. Ninajua kwamba betri mpya ni pesa, na pesa hiyo ni chakula cha siku kadhaa. Lakini betri iliyovimba haikupi faida yoyote kwa kuahirisha. Kila siku unayoitumia unaweka rehani watoto waliolala karibu nayo.

Wenye vibanda vya kuchajia simu, ninyi nawaita kwa jina la kazi yenu, kwa kuwa mnatunza mali ya kijiji kizima. Simu thelathini zimepangwa kwenye ubao mmoja, kila moja na namba yake kwenye kipande cha plasta, nyaya zimepandana, na mwenye kibanda analala ndani kulinda. Moja ikiwaka, jirani yake inashika, na jirani ya jirani. Acheni nafasi ya kiganja kati ya simu na simu. Yenye tumbo mrudishieni mwenyewe bila kuichaji, hata akinuna. Jioni mkifunga, chomoeni zote. Bidoni la maji liwe pale pale, limejaa, lisiwe la kuogea.

Na betri ikiwaka, tufanye nini? Huku kwetu hakuna gari la zimamoto la kuliita. Ukisikia betri inapiga mluzi, au ukiona moshi mweupe, kwanza toa watu, watoto mbele. Moshi ule una sumu ya kuchoma mapafu, usiinamie kuutazama. Kisha maji, tena maji mengi. Wengine wamesikia kwamba lithiamu haitaki maji. Hilo ni la lithiamu tupu. Betri ya simu na tochi inapoozwa kwa maji, na kupoozwa ndiko kunakozuia ya pili na ya tatu zisishike. Mchanga unazuia ndimi za moto zisiruke kwenye majani, lakini haupoozi. Ikizimika usijipongeze mapema, kwa sababu huwa inawaka tena. Itoe kwa koleo au kwa jembe, siyo kwa mkono, itumbukize kwenye ndoo ya maji nje, ikae humo hadi kesho. Aliyeungua amwagiwe maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, afunikwe kwa kitambaa safi, apelekwe kituo cha afya, na ikibidi Hospitali Kuu ya Mweso. Dawa ya meno, mafuta na mavi ya ng'ombe visimkaribie.

Siwezi kunyamaza juu ya safari za kukimbia vita, maana ni sehemu ya maisha yetu. Januari 2024, mapigano yalipopamba moto Mweso, maelfu ya watu walijihifadhi ndani ya hospitali. Siku kama hiyo mtu anakunja kila kitu kwenye kikwembe kimoja: sufuria, kisu, chumvi, tochi, simu, nguo zilizolowa. Mzigo unabanwa na kamba, unatupwa juu ya pikipiki, mvua inanyesha. Betri ndani yake inabanwa, inagonga vyuma, inalowa. Tujiandae kabla. Betri za akiba ziwe tayari zimefungwa vichwa, ndani ya mfuko mdogo wa plastiki, peke yao, juu ya mzigo na si chini yake. Simu izimwe, ikae mwilini. Ikiwa imelowa, usiichaji ukifika. Ipanguse, iache siku kadhaa kivulini penye upepo, na usiisogeze kando ya moto kama tulivyosogeza mawe.

Mwisho ni zile zilizokufa. Tunazitupa chooni, shambani kwenye maharagwe, au kwenye moto wa takataka. Motoni zinalipuka, shambani zinabaki na sumu yao, na shimo la choo liko jirani na maji tunayokunywa. Hapa mzigo si wa mama wa kambini peke yake. Mashirika yanayogawa taa za sola, asanteni kwa mwanga. Lakini gari linaloleta taa mpya linarudi Goma likiwa tupu. Lipakie zilizokufa. Wekeni pipa la mchanga mkavu kwenye kituo cha afya au kwa mkuu wa kijiji, mteue mtu wa kulisimamia, na mlichukue. Wafanyabiashara mnaoleta betri za bei rahisi zisizo na jina, fanyeni vivyo hivyo. Walimu, lifundisheni hili darasani, kwa sababu mtoto ndiye anayeokota betri njiani. Wakuu wa nyumba kumi, wekeni swali hili kwenye mkutano wenu unaokuja.

Nasi wenyewe tusingoje mkutano. Usiku huu, kabla ya kuzima taa, kila mmoja atoe simu chini ya mto, achomoe kinachochajiwa, ashushe tochi kutoka darini, na apapase mgongo wa kila betri. Iliyovimba ilale nje.